Mikopo ya Wanawake Tabora: Ratiba ya Marejesho Ifuate Msimu wa Kipato

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, baada ya kubainika kuwa sehemu ya fedha hizo iliishia kwenye vikundi hewa na sehemu nyingine haikurejeshwa. Katika mwaka wa fedha 2024/25 mikopo hiyo ilirejeshwa kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa kuanza kutoa mikopo kupitia benki kwa majaribio, miongoni mwake Manispaa ya Kigoma Ujiji, na halmashauri nyingine 174 zikaendelea kuitoa zenyewe chini ya mfumo ulioboreshwa wa usimamizi.

Kwa Mkoa wa Tabora, wenye zaidi ya watu milioni 3.3 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, uamuzi huo unagusa halmashauri zote nane: Manispaa ya Tabora, Mji wa Nzega, na Halmashauri za Wilaya za Igunga, Kaliua, Nzega, Sikonge, Urambo na Uyui. Mjadala mwingi tangu wakati huo umejikita katika kiasi cha fedha kilichotengwa, vigezo vya kupata mkopo, na namna ya kudhibiti wadanganyifu. Hayo yote ni muhimu. Hata hivyo, lipo swali moja linalozungumzwa kwa nadra ingawa ndilo linaloamua iwapo mkopo utamwinua mwanamke au utamdidimiza: je, tarehe za kulipa zinaendana na tarehe za kupata?

Makala haya yanachambua swali hilo kwa kuangalia historia ya mkoa, utaratibu wa sheria uliopo, hatari ya mikopo umiza, na yale ambayo uzoefu wa nchi nyingine umethibitisha.

Mkopo si mgeni katika njia ya misafara

Mji wa Tabora ulikua kwa biashara ya njia. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na sehemu nyingine za pwani ilipita Ugogo hadi Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika: moja ikielekea Ujiji katika Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kaze, karibu na ulipo mji wa Tabora wa leo, Novemba 7 mwaka huo. Walikuwa wametembea kwa zaidi ya miezi minne.

Misafara hiyo iliendeshwa kwa mikopo. Mfanyabiashara wa bara kwa kawaida hakuwa na fedha taslimu za kununua nguo, shanga na nyaya za kubadilishana njiani. Alichukua bidhaa kwa matajiri wa Kihindi waliokuwa Unguja, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, alifadhiliwa kwa njia hiyo na Taria Topan. Safari iliweza kuchukua miaka, na mkopeshaji alisubiri, kwa kuwa alifahamu kwamba pembe haipatikani kabla msafara haujafika inakopatikana. Historia hiyo ina giza lake, kwa sababu mikopo hiyohiyo iligharimia pia biashara ya watumwa iliyoangamiza familia na vijiji. Lakini katika upande wa hesabu ina fundisho lililo wazi: muda wa deni ulipimwa kwa urefu wa safari.

Wanyamwezi, waliobeba mizigo mingi katika njia hiyo, nao walikuwa na kalenda yao. Misafara yao mingi ilishuka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na wapagazi wakajitahidi kurejea nyumbani kabla ya mvua ili wawahi kulima. Chakula kilicholisha misafara iliyopiga kambi Unyanyembe kilitoka katika mashamba ya wenyeji, ambako mikono ya wanawake ilikuwa mingi. Uchumi wote wa njia ile, kuanzia kwa mkopeshaji wa Unguja hadi kwa mama aliyeuza nafaka kambini, ulifuata mvua na kiangazi.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, msafara wa miguu ulififia, ila biashara ya chakula cha wasafiri ilihamia stesheni. Leo, ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora kuelekea Tabora na kwingineko unafungua ukurasa mwingine katika njia ileile. Mama lishe, muuza karanga na muuza asali ni warithi wa soko la zamani, na ndio walengwa wa mikopo inayozungumzwa hapa.

Fedha hizi zinatoka wapi?

Msingi wa mikopo hii ni Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, pamoja na kanuni zake zilizotolewa mwaka 2019 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kwa wanawake hutolewa kupitia kikundi kilichosajiliwa, chenye wanachama wasiopungua watano, na marejesho huingia tena katika mfuko ili kikundi kingine kikopeshwe.

Ni vyema mwananchi akafahamu uzito wa kila shilingi iliyomo ndani ya mfuko huo. Tabora ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao la tumbaku, na katika wilaya kama Urambo, Kaliua na Sikonge ushuru wa zao hilo ni chanzo kikubwa cha mapato ya halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya thamani ya mauzo. Kwa hiyo, tumbaku ya shilingi 1,000,000 inapouzwa, halmashauri hupata shilingi 30,000. Asilimia 4 ya fedha hizo, yaani fungu la wanawake, ni shilingi 1,200.

Tuseme kikundi kimoja kimekopeshwa shilingi 5,000,000 na hakikurejesha hata senti. Kwa hesabu hiyo, ili pengo lake lizibwe kutokana na ushuru wa tumbaku peke yake, wakulima watalazimika kuuza tumbaku yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 4. Nyuma ya kila robota lililouzwa kuna mama aliyeatika miche kitaluni, akapalilia, akachuma majani na kuyatunga kwa ajili ya kukaushwa. Mkopo usio na riba una gharama kubwa, na walioilipa gharama hiyo ni majirani wa mkopaji.

Ndiyo maana kusitishwa kwa mikopo mwaka 2023, ingawa kuliwaumiza wanawake waaminifu waliokuwa kwenye foleni, kulikuwa na mantiki. Mfuko unaozunguka ukivuja kila mzunguko, hufika siku ukakauka.

Mikopo umiza na hesabu ya kila siku

Mwanamke asipopata mkopo wa halmashauri, haja yake ya mtaji haiishi. Mtoto ataugua, ada itadaiwa, gunia la mchele litahitaji kununuliwa kabla bei haijapanda. Hapo ndipo huingia mkopeshaji wa mtaani, ambaye mikopo yake wananchi wenyewe wameipachika jina linalojieleza: kausha damu.

Tuchukue mfano. Mama anakopa shilingi 100,000 na kukubali kulipa shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26. Atakuwa amelipa shilingi 130,000 kabla mwezi haujaisha. Kwa macho, riba ni asilimia 30. Kwa uhalisia ni zaidi ya hapo, kwa sababu hakukaa na shilingi 100,000 kwa siku zote 26. Alianza kuzirudisha siku ya kwanza, hivyo kwa wastani alitumia takriban nusu tu ya fedha alizokopa. Linganisha na ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili. Kwa shilingi 100,000, riba hiyo haizidi shilingi 3,500 kwa mwezi.

Kwa nini basi mwanamke mwenye akili timamu achukue mkopo wa namna hiyo? Jibu ni kwamba unapatikana leo, hauhitaji andiko la mradi, na kiwango cha kila siku kinaonekana kidogo. Kwa muuza maandazi anayepata fedha kila asubuhi, shilingi 5,000 zinaweza kupatikana, japo kwa kumeza faida yake yote. Kwa mkulima wa karanga ambaye atavuna baada ya miezi minne, shilingi 5,000 za kila siku hazipo. Atalipa kwa kuuza kuku, kisha vyombo, kisha kwa kukopa pengine ili kulipa hapa. Waswahili walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Serikali haijakaa kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yaani SACCOS, na vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha kama VICOBA. Anayekopesha kwa biashara bila leseni anavunja sheria. Aidha, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kupiga marufuku majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya simu bila kibali. Hatua hizo zinapunguza madhara, lakini haziwezi kumaliza tatizo iwapo mikopo halali itaendelea kuwa na ratiba ambayo mwanamke wa kijijini haiwezi.

Uzoefu wa nchi nyingine unasema nini?

Wazo la kuwakopesha wanawake maskini kwa dhamana ya kikundi lilipata umaarufu duniani kupitia Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh, aliyeanza majaribio yake katika kijiji cha Jobra mwaka 1976. Benki ya Grameen ilianzishwa rasmi mwaka 1983, na mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Vikundi vyake vilikuwa vya watu watano, na marejesho yalifanyika kila wiki. Utaratibu huo uliwafaa watu wenye biashara ndogo zinazoingiza fedha mara kwa mara. Uliposambaa duniani, ulisambaa na ratiba yake, hata mahali ambapo kipato hakiji kila wiki.

Baada ya shangwe ya miaka mingi ikaja tathmini. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti kutoka nchi sita, ambazo ni Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Matokeo yake yalikuwa ya wastani. Mikopo midogo iliwapa watu uhuru zaidi wa kuchagua shughuli na kukabiliana na dharura, lakini kwa wastani haikuwatoa wakopaji katika umaskini kama ilivyotarajiwa. Hivyo, anayemwambia mwanamke wa Tabora kwamba mkopo peke yake utambadilishia maisha anampa matumaini yasiyo na ushahidi.

Tafiti nyingine mbili zinasaidia kueleza sababu. Ya kwanza ilifanyika Kolkata, India, na kuchapishwa mwaka 2013. Wakopaji wa kundi moja walianza kurejesha mapema kama kawaida. Wa kundi lingine walipewa miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi katika biashara, na baada ya miaka mitatu hivi faida yao ilikuwa kubwa zaidi. Lakini pia walioshindwa kulipa miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Maana yake ni kwamba muda wa neema hukuza mtaji, na wakati huohuo huongeza hatari kwa mkopeshaji. Anayeutoa hana budi kuufuatilia.

Utafiti wa pili ulifanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019. Wakulima wa mahindi walikopeshwa wakati wa mavuno, kipindi ambacho wengi huuza kwa bei ya chini ili kulipa ada na madeni, kisha hununua chakula hichohicho kwa bei ya juu miezi michache baadaye. Mkopo uliwawezesha kuhifadhi mahindi na kuuza bei ilipopanda, na mapato yao yakaongezeka. Wakulima hao hawakufundishwa kilimo kipya; walichopewa ni fedha katika mwezi unaofaa.

Kalenda ya Tabora

Mkoa wa Tabora una msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kumalizika Aprili. Kilimo cha mahindi, mpunga, karanga na tumbaku hufuata msimu huo. Fedha nyingi huonekana vijijini kuanzia miezi ya mavuno na masoko, kisha hupungua kadiri mwaka unavyokwenda. Januari na Februari, wakati jembe liko shambani, akiba ya ghala imepungua na shule zimefunguliwa, ndiyo miezi migumu kuliko yote.

Kwa msingi huo, shughuli za wanawake wa mkoa huu zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuangalia mwendo wa fedha zake.

Kundi la kwanza ni la kipato cha kila siku: mama lishe wa stesheni na stendi, wauza mboga, maandazi na samaki wa kukaanga. Hawa wanaweza kurejesha kila wiki au kila mwezi, na mkopo mdogo wa muda mfupi unawatosha.

Kundi la pili ni la kipato cha msimu: wakulima wa mpunga wa Igunga, Nzega na Uyui, wakulima wa karanga na alizeti, wanawake wanaokausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, na wafugaji nyuki wa misitu ya miombo ya Sikonge na kwingineko, ambao uvunaji wao unategemea maua, na maua yanategemea mvua. Kumtaka mwanamke wa kundi hili alipe kila mwezi kuanzia Desemba ni kumwambia arudishe sehemu ya mkopo uleule aliochukua, au akakope kwingine. Ratiba inayomfaa ina malipo machache, makubwa zaidi, yanayoangukia baada ya mavuno.

Kundi la tatu ni la kipato cha polepole: ufugaji wa ng'ombe na mbuzi, upandaji wa miti ya matunda, ununuzi wa mashine ya kusaga au kukoboa. Hapa mkopo unahitaji muda mrefu zaidi, na mara nyingi unahitaji uwekezaji mwingine wa kuusindikiza.

Wanaodhani kwamba marejesho ya msimu hayawezekani watazame zao la tumbaku. Kwa miaka mingi mkulima wa Tabora amepata pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, na deni hukatwa tumbaku inapouzwa. Utaratibu huo una kasoro zake, na mara nyingi jina lililo kwenye daftari la chama ni la mume wakati kazi ni ya familia nzima. Hata hivyo, katika suala la muda umepangwa kwa busara: deni linasubiri soko. Kinachostahiki tumbaku kinaistahiki pia karanga ya mama.

Funzo la karanga za Urambo

Ratiba nzuri pekee haitoshi, na Wilaya ya Urambo ina ushahidi wa hilo. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Serikali ya Uingereza iliendesha mradi mkubwa wa karanga katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fedha zilizotumika zilikaribia pauni milioni 36. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli na bandari zikapangwa. Mradi ulianguka kwa sababu walioupanga hawakuzingatia udongo, mvua na mazingira ya mahali walipokuwa wakiwekeza. Ni funzo ambalo mkoa huu umelishuhudia kwa macho yake: wingi wa mtaji hauzibi pengo la maarifa.

Kwa kikundi cha wanawake, funzo hilo lina sura ndogo lakini ileile. Vikundi vitano vya kata moja vikikopeshwa vyote vitengeneze sabuni ya maji, vitauziana vyenyewe. Kikundi kikikopa kununua mashine ya kukamua alizeti katika kijiji kisicho na umeme wa kutosha, mashine itakaa ghalani na deni litatembea. Kabla ya kuuliza ni kiasi gani tunaweza kukopa, kikundi kijiulize nani atanunua, kwa bei gani, na mwezi upi. Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kwa kushirikiana na maafisa kilimo, mifugo na biashara, wana wajibu wa kusaidia kulijibu swali hilo kabla andiko halijapelekwa mbele.

Nguvu na udhaifu wa kikundi

Wanawake wa Tabora walikuwa wakikopeshana kabla ya sheria ya mwaka 2018. Upatu, unaosimamiwa na kijumbe anayeaminiwa na wote, ni wa zamani. VICOBA navyo vimeenea nchini kwa kufuata mfumo uliobuniwa Niger mwaka 1991: wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutokana na fedha zao, hutenga mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, na hugawana mwisho wa mzunguko. Faida ya mfumo huo ni kwamba mkopo unatanguliwa na akiba. Kikundi kilichokwishaweka akiba kwa mwaka mzima kinamjua mwanachama anayelipa na asiyelipa, kinajua kutunza daftari, na riba inayotozwa hubaki mikononi mwa wanachama.

Vikundi hewa vilivyolaumiwa miaka iliyopita mara nyingi vilikosa kitu hicho hasa: historia. Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya mkopo hakina cha kupoteza kikisambaratika wiki moja baada ya mkopo. Kwa sababu hiyo, uhakiki wa vikundi katika ngazi ya kata, kwa kutembelea na kuona shughuli yenyewe, ni ulinzi wa mfuko kuliko rundo la mihuri.

Dhamana ya kikundi ina upande mwingine pia. Mwanachama mmoja akiuguliwa au akikimbia, wenzake wanne wanabeba mzigo wake, na wakati mwingine urafiki wa miaka huvunjika. Vilevile, wapo wanawake wanaokopa kwa majina yao huku fedha zikiamuliwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Fedha zikitumika kwa matakwa ya mwingine na deni likabaki kwa mama, mkopo umemnyang'anya alichokuwa nacho. Haki hiyo inaendana na haki ya ardhi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mkopo wa kilimo una nguvu zaidi kwa mwanamke mwenye uhakika wa shamba analolima.

Maswali kabla ya kutia saini

Kutokana na uchambuzi huu, kikundi cha wanawake kinachokusudia kuomba mkopo wa halmashauri, au wa taasisi nyingine yoyote, kinashauriwa kijibu maswali yafuatayo katika kikao, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

Moja, fedha ya kwanza itokanayo na shughuli yetu itaingia mwezi gani, na rejesho la kwanza linadaiwa mwezi gani? Ikiwa rejesho linatangulia kipato, kikundi kiombe ratiba irekebishwe kabla ya kusaini mkataba. Baada ya kusaini, kuomba huruma ni kazi ngumu zaidi.

Mbili, tutalipa jumla ya kiasi gani? Mkopo wa halmashauri hauna riba. Kwa mkopeshaji mwingine, jumla ya malipo, ada na adhabu zote zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote.

Tatu, je, mkopeshaji ana leseni? Leseni ya mtoa huduma wa daraja la pili hutolewa na Benki Kuu, na mwananchi ana haki ya kuomba kuiona. Asiyetaka kuionesha ameshajibu swali.

Nne, mnunuzi ni nani, na akikosekana tutafanya nini?

Tano, mmoja wetu akishindwa, tumewekeana utaratibu gani? Akiba ya kikundi kwa ajili ya dharura itengwe mapema.

Kwa upande wa halmashauri, kanuni zimeweka msingi wa kutosha wa kusimamia fedha. Kinachohitajika sasa ni mkataba unaomtambua mkopaji kwa shughuli yake: mama lishe awe na ratiba yake, mkulima wa mpunga yake, na mfugaji nyuki yake. Ufuatiliaji uanze wakati wa kupanda, kwa sababu afisa anayefika kijijini wakati wa kudai pekee huwa amechelewa. Na taarifa za mikopo na marejesho zibandikwe katika ofisi za kata na vijiji, ili wananchi wenye fedha hizo wajue nani amelipa na nani bado.

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha Unyanyembe, mwanamke anayeomba mkopo wa mbegu hawezi kusubiri kikao kitakachofanyika Machi, wala hawezi kulipa deni mwezi Desemba. Kikao kinachopitisha maombi yake kikifanyika Septemba, na rejesho lake likapangwa baada ya kuuza mpunga, halmashauri itapata fedha zake, na jirani aliye kwenye foleni atapata zamu yake msimu unaofuata.